Kufundisha Kibemba na historia ya Lubumbashi: WhatsApp, Anki, Kolibri au Lingua Libre?

Mwalimu_Katuba
Ndugu zangu, jambo yenu. Kila Jumamosi asubuhi nakusanya watoto wa mtaa wetu hapa Katuba, sasa wamefika 14. Wanasema Kiswahili cha kwetu na Kifaransa cha shule. Kibemba cha kambo zao (bibi na babu) wanakielewa nusu, lakini kujibu hawajibu. Nataka waweze kuamkia wakubwa na kusimulia kwa Kibemba, tena wajue mji wao ulitoka wapi, tangu ulipoanzishwa 1910 kwa jina la Élisabethville hadi ukaitwa Lubumbashi 1966.

Nina telefone tatu za Android, kompyuta moja ya zamani, na mega za intaneti za kuhesabu. Umeme unakuja na kwenda. Duolingo nimeiacha: Kiswahili kimo tangu 2017, lakini masomo yanaelezwa kwa Kiingereza, na Kibemba hakimo kabisa. Ninyi mnatumia nini?

Mama_Ruashi
Mwalimu, kwetu ni WhatsApp tu. Mama yangu yuko Kasenga, haandiki, lakini jioni ananitumia hadithi kwa sauti na watoto wanamjibu kwa sauti. Dakika moja haili hata mega moja. Hakuna cha kumfundisha, kubonyeza anajua tayari.

Ubaya wake niliuona mwaka jana. Telefone yangu iliibwa sokoni, na hadithi za miezi saba zilikuwa humo. Kwake zilishafutwa kwa sababu telefone yake ilijaa. Amesimulia upya baadhi. Ile ya mto Luapula haikurudi vile ilivyokuwa, na mpaka leo inaniuma.

Fundi_Kamalondo
Pole sana mama. Miye nasimama na AnkiDroid, yaani Anki ya Android, programu ya kujikumbusha kwa kadi. Ni ya bure, haihitaji intaneti, na kadi inabeba picha na sauti. Picha ya mwanamke anayetwanga, nyuma sauti ya kambo: «Mwabombeni mukwai», kwa sababu aliye kazini haamkiwi kama aliyeamka. Picha ya jua linachomoza: «Mwashibukeni». Usiweke tafsiri ya Kifaransa, mtoto ataisoma hiyo na sikio litalala. Kibemba kina toni, na maandishi ya kawaida hayaionyeshi. Aliyejifunza kwenye karatasi anakitamka kwa wimbo wa Kiswahili.

Lakini Anki inapanga marudio kwa mtu mmoja. Kadi uliyokosa inarudi upesi, uliyojua inakaa siku nyingi. Watoto watano wakishika telefone moja, hesabu hiyo inaharibika. Wape wale ambao wazazi wao wana telefone nyumbani.

Bahati_BKV
Salamu kutoka Bukavu. Sisi tulitumia Kolibri, programu ya masomo, kwa ajili ya Mashi, lugha ya huku kwetu. Unaiweka kwenye kompyuta, telefone za watoto zinaingia kwa Wi-Fi ya hapo hapo, bila intaneti. Masomo yaliyomo tayari yanasaidia hesabu na sayansi, ila ya Mashi hatukupata hata moja. Ukitaka kuingiza ya kwako unapitia Kolibri Studio, na hapo intaneti inahitajika. Kupandisha video zetu kulitukesha usiku mzima. Kwa shule kubwa ningerudia kesho. Kwa watoto 14, hapana mwalimu, utachoka bure.

Msomaji_Golf
Kwa historia, tafuta maandishi kabla ya programu. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha mji huu «Vocabulaire de la ville de Elisabethville», historia ya mji kwa ajili ya chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani kwa wazungu. Mtafiti Johannes Fabian aliichapisha pamoja na wenzake 1990, na sasa iko bure kwenye tovuti ya Archives of Popular Swahili. Ni maandishi matupu, inashuka hata kwa mega chache.

Ukiisoma kimya unapotea, maana maneno yamegawanywa kivyake. Fabian mwenyewe alimwomba msaidizi wake Kalundi Mango aisome kwa sauti ndipo ieleweke vizuri. Miye nilichapa kurasa mbili, nikampa mjomba wangu azisome mbele ya watoto. Mmoja akauliza: «Kumbe Kiswahili yetu inaandikwaka?» Toka siku hiyo wanaomba kusoma wenyewe. Kuna kurasa nzito za mateso, uzichague mapema.

Kwenye tovuti hiyo hiyo kuna mazungumzo ya mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya nchi katika picha 101 mwaka 1973 na 1974, akaieleza kwa Kiswahili. Picha zenyewe ziko kwenye makumbusho Amsterdam. Watoto wetu kuziona ni kwenye telefone tu, basi waonyeshe.

Sifa_Goma
Naongeza Lingua Libre, tovuti ya kurekodi maneno, ya Wikimedia Ufaransa. Unaandika orodha ya maneno, mzee anayasema moja moja, programu inakata sauti yenyewe na kuituma Wikimedia Commons, ghala la wazi la mtandaoni. Ni haraka sana. Lakini ikifika huko, mtu yeyote duniani anaweza kuitumia, hata kwa biashara, na huwezi kuirudisha. Bibi yangu alikubali maneno ya shamba kwa Kihunde, akakataa nyimbo za matanga. Nikamheshimu. Muulize kambo kabla ya kubonyeza, siyo baada.

Mwalimu_Katuba
Aksanti sana wote. Kolibri naiacha. Nitarekodi kwanza kwa telefone yenyewe, kila faili na jina la msemaji na tarehe, kopi moja kwenye kompyuta na nyingine kwenye kadi ya memori nyumbani kwa dada yangu. WhatsApp iwe ya kutuma tu. Anki kwa watoto wanne walio wakubwa. Jumamosi hii tunaanza na kurasa za Yav, kwa sauti.

Mama Ruashi, mama yako anaweza kusimulia tena ile ya Luapula, hata kama imebadilika?

Mama_Ruashi
Nitamuuliza leo usiku. Anapenda kusimulia akishakula.