Mjadala: Mizani (hesabu ya silabi) ikipungua kwenye shairi la mapenzi, ni guni, yaani shairi lenye kasoro ya mizani au vina, au ni ufundi?

Someni kwanza ubeti huu. Nimeutunga makusudi ili tuwe na kitu cha kushika mkononi:

Taa ipo dirishani, mafuta yanapungua,
Nimeketi mlangoni, kila kishindo najua,
Wapitao si mwandani, moyo unajisumbua,
Niitikie jamani, rudi.

Mishororo mitatu imetimiza mizani 16, nane ukwapi (kipande cha kwanza) na nane utao (kipande cha pili), kwa vina, yaani sauti za mwisho wa vipande, vya -ni na -ua. Wa nne una mizani 10 tu, na kina cha mwisho kimetoweka. Anayeshika kanuni za utunzi alizoziandika mshairi Kaluta Amri Abedi mwaka 1954 atasema hili ni guni, basi. Aliyelelewa na mashairi huru, yasiyofungwa na mizani wala vina, yale ambayo mshairi Euphrase Kezilahabi aliyapa nguvu kwa diwani yake Kichomi mwaka 1974, ataona kuhesabu silabi ni kazi ya karani.

Mimi naona wote wawili wanakosea, na kosa la huyu wa pili ndilo linaloniuma zaidi. Utasikiaje pumzi ikikatika kwenye "rudi" kama sikio halijazoea mizani nane za utao? Mara tatu umepewa nane, mara ya nne unanyimwa sita, na kimya hicho ndicho uchungu wenyewe. Asiyehesabu atasema "shairi lina huzuni" bila kuweza kuonyesha huzuni imeingilia wapi.

Kwenye vina nakwenda polepole. Wapo wanaodai kwamba -ua inalia kwa kuwa inaacha mdomo wazi. Sikubali. Kina hichohicho kinabeba shairi la maua, la harusi, hata la matusi. Huzuni hapa imeletwa na maneno yaliyokibeba: yanapungua, unajisumbua. Kazi ya kina ni kukuzoesha, ili kikikosekana ushtuke.

Sasa nawageukia wa guni. Ningeweza kumalizia "rudi upate kujua": mizani nane, kina mahali pake, hakuna wa kunilaumu. Lakini someni kwa sauti. Aliyekuwa anaita sasa anatoa maelezo. Ule ukelele umekwisha. Mwenye utao wa mizani nane, wenye kina cha -ua, unaobakiza ukelele ule, aulete hapa. Akiuleta nitakiri kwamba wangu ni guni.