Msaada wakuu: nataka kuipasua jetski ya kusimama niipunguze uzito, nianzie wapi?

mwaloni_boy
Mwangaluka wakuu. Niko Mwanza, Kirumba. Nina jetski ya kusimama, Yamaha SuperJet ya injini ya cc 701, ile ya zamani ya tu-stroki, nilichukua kwa mtu aliyesema haina shida kaka ni plagi tu. Plagi nimeweka. Sasa ni nzito balaa, tukiitoa majini watu wanne tunahema wakati naambiwa hizi zilitoka kiwandani na kilo 130 na kitu tu, afu nikiipiga kona mkia unazama. Nimeona video jamaa wa nje wanatenganisha bodi ya juu na ya chini, wanafupisha pua, wanaweka na mifuko ya kuchomeka miguu, wanarudishia. Grinda ninayo, na jirani yangu fundi faiba wa mitumbwi anasema kazi ya siku mbili. Nianzie wapi? Msinitukane.

ngedere_mtulivu
Siku mbili 😂 huyo fundi anakupenda

faiba_igombe
Mkuu kabla hujawasha grinda, umeipima? Azima mzani wa samaki hapo sokoni Mwaloni, ilaze sawa, ninginiza pua usome, kisha mkia usome, jumlisha. Mi nahisi umebeba maji. Chini ya pale unaposimama kuna povu gumu la kuelea, likishaingiwa maji kwenye nyufa halikauki, anika juani mpaka Krismasi. Toboa tundu dogo pale sakafuni, ukitoa povu likiwa linadondosha maji basi jibu umepata. Na kwa hilo huhitaji kupasua bodi nzima, unakata dirisha kwenye sakafu, unakomba povu, unaweka jipya lile la kuchanganya chupa mbili, unafunga. Hata mifuko ya miguu inawekwa hivyohivyo, unatoboa ubavuni kwa ndani unaunganisha na faiba. Kupasua ni pale unataka kubadili umbo, mfano hiyo pua.

mama_wa_boti
Na povu lirudishwe jamani, msije mkaacha tupu eti wepesi. Ikijaa maji inaenda chini mbele ya Jiwe la Bismarck na watalii wanapiga picha.

mwaloni_boy
Nimepima wakuu. Kilo 171. Na tundu nimetoboa, maji yametoka kama bomba la mtaani siku ya mgao kuisha. Lakini kuna jingine, nimevua bampa pale pua kushoto nikakuta kiungo cha bodi ya juu na ya chini kimeachia kama sentimita 40 na kimejazwa silikoni ya madirisha!! Aliyeniuzia alijua huyu.

faiba_igombe
Duh. Basi hapo sasa kupasua ni halali, maana gundi ikishaachia upande mmoja ule mwingine unafuata. Sikiliza vizuri.
Toa kila kitu, injini, tangi, egzosti, pampu na shafti, kebo ya usukani. Bampa yote ivuliwe. Kabla hujakata gundi, toboa matundu ya milimita 6 kupenya zile kingo mbili kila baada ya shubiri mbili, hayo ndo yatakurudishia bodi mahali pake, ukisahau hili utalia. Halafu unapasha kiungo kwa hewa ya moto kidogokidogo, unaingiza kisu kipana chembamba cha puti unagonga polepole, nyuma yake unaacha kabari za mbao. Mtaimbo USIGUSE, kingo zinakatika kama biskuti. Ukimaliza kuzunguka bado haitoki, kwa sababu povu nalo limeshika juu na chini, hapo unapitisha msumeno mrefu.

ngedere_mtulivu
Kwani rezini ya mitumbwi haifai tu, si faiba ni faiba

faiba_igombe
Ndo wengi wanapokosea. Mtumbwi wetu ni faiba ya kupaka kwa mkono, SuperJet ni ile iliyokandamizwa kwenye moldi kwa joto na presha, ngumu na laini juu, poliesta, yaani hiyo rezini ya mitumbwi, haiikamati vizuri, miezi miwili inabanduka kama stika. Tumia epoksi, na kitambaa cha kufumwa, siyo ile mati ya nyuzi zilizotawanyika maana gundi inayozishika ile mati imetengenezwa kuyeyuka kwenye poliesta. Piga msasa namba 40 mpaka mng'aro uishe, futa na asetoni. Na hiyo silikoni uikwangue yote KABLA ya msasa, ukisaga nayo unaisambaza na hakuna kitakachoshika. Kingine, hadna ya epoksi, ile ya kuigandisha, haiongezwi ili ikauke haraka kama mlivyozoea, kipimo ni kile cha kwenye kopo. Changanya kidogokidogo, jua la mchana hapa linaigeuza jiwe mkononi.

kapripoint_zee
Vijana mnasahau kitu. Bodi ya chini ikishabaki peke yake inalegea kama karai la plastiki. Ilaze kwenye kitanda cha mbao kilichopimwa na timazi ya maji, vuta nyuzi mbili za msalaba kutoka pembeni, zikigusana katikati iko sawa, zikiachana imejikunja. Injini na pampu zote zimekaa bodi ya chini, ukiigundisha ikiwa imejikunja kaplingi, zile za kuunganisha injini na shafti, hazitakutana na shafti itakula beringi. Rudisha injini ulinganishe kaplingi kwanza, ndo ufunge ya juu.
Na huo ufupishaji wa pua mwanangu achana nao mara hii. Mkono wa usukani umefungwa palepale, ukikosea sentimita tatu unajigonga kidevu.

mwaloni_boy
Shikamoo mzee, nimeelewa. Pua naiacha, napasua, natoa povu, naweka mifuko ya miguu, nafunga. Fundi jirani nimempelekea habari ya epoksi amenuna, anasema amejenga mitumbwi tangu sijazaliwa.

kapripoint_zee
Marahaba. Mpe kazi ya kitanda cha mbao, hapo atafurahi.

mama_wa_boti
Na mtu asisage hiyo faiba bila barakoa, siyo ya kitambaa, ile ya filta. Mume wangu alikohoa wiki nzima.

mwaloni_boy
Kingo ya kulia imeachia leo, bila ufa. Kushoto kesho. Mzani wa watu wameudai nimeurudisha una harufu ya petroli, wamenifukuza Mwaloni 😅