San Siro imepewa jina la Meazza. Kocha wake Árpád Weisz mnamweka wapi?

Mtoto wa Tandale:
Wakuu, naomba hili tulijadili kwa utulivu. Uwanja wa San Siro kule Milan ulipewa jina la Giuseppe Meazza, mshambuliaji wa klabu ya Inter na timu ya taifa ya Italia, mwaka 1980. Sina ugomvi na Meazza. Ila aliyempa jezi ya Inter akiwa dogo wa miaka 17, mwaka 1927, ni Árpád Weisz, Mhungari aliyekuwa winga wa kushoto, akaumia, akageukia ukocha. Inasimuliwa kwamba alikuwa akimsimamisha dogo mbele ya ukuta apige mpira kwa mguu wa kushoto, ukirudi apige tena, mpaka mguu ule ukalingana na wa kulia. Msimu wa 1929/30 akabeba ubingwa wa Serie A, ligi kuu ya Italia, ana miaka 34. Akaenda Bologna, akabeba tena 1936 na 1937, na kuivunja Juventus iliyokuwa imetwaa mara tano mfululizo. 1938 zikaja sheria za kibaguzi dhidi ya Wayahudi, akalazimika kuondoka Italia. Leo pale San Siro ana kibao tu ukutani, nacho kimewekwa 2012. Mimi nasema uwanja ubebe majina yote mawili.

Kona Kavu:
Kocha hafungi goli, mkuu. Meazza kabeba Kombe la Dunia mara mbili, 1934 na 1938. Tena Inter walihamia San Siro 1947, huyo Weisz alishafariki. Hakuwahi kuwa na timu yenye makao pale. Tukianza kuandika jina la kila aliyemfundisha mchezaji, viwanja vitajaa walimu wa chandimu.

Mwalimu wa Vumbini:
Kona Kavu, mimi ni mwalimu wa chandimu na ninakujibu. Nina vijana 23, uwanja wetu una mteremko upande wa kaskazini, mvua ikinyesha tunacheza nusu ya juu tu. Nilikuwa na kijana mmoja, kushoto hajui kabisa. Miezi minane kila jioni tuko kwenye ukuta wa ghala la mahindi, mimi na yeye, mpaka mwenye ghala akaja kulalamika plasta inabanduka. Raba nilimnunulia mimi. Leo yuko klabu kubwa, sitaitaja, na watu wa klabu hiyo wanasema "tumemwibua". Hata simu hawakunipigia. Kwa hiyo ukisema kocha hafungi goli, kijana, angalia unamwambia nani.

Kona Kavu:
Pole mwalimu, sikukusudia wewe. Lakini usinilishe maneno. Nimezungumzia jina la uwanja.

Bi Mkubwa wa Pwani:
Pole sana mwanangu mwalimu. Mimi nasema hivi: hao makocha wa Kihungari usiwanyime haki yao. Muulizeni Benfica ya Ureno. Kocha Guttmann, Mhungari, kawapa Kombe la Ulaya 1961 na 1962, kaomba aongezwe mshahara wakamkatalia, kaondoka na neno kwamba miaka mia hawatalipata tena. Fainali saba wameshapoteza.

Dk. Takwimu:
Nane, bibi. 1963, 1965, 1968, 1988 na 1990 kwenye Kombe la Ulaya. Ongeza 1983, 2013 na 2014 kwenye lile dogo, Kombe la UEFA, baadaye Europa League.

Kona Kavu:
Laana ni porojo. Timu ikifungwa imefungwa. Hata huku kwetu mtu anaruka ukuta wa uwanja akikwepa mlango eti una uchawi, halafu anapigwa tatu.

Bi Mkubwa wa Pwani:
Kama ni porojo, Eusébio, nyota wa Benfica, alikwenda kuomba nini kaburini kwa Guttmann kule Vienna, 1990, kabla ya fainali na Milan? Mtu mzima yule, na alimjua kocha wake. Na bado Benfica wakafungwa moja bila.

Beira Mpaka Mtwara:
Na mkimtaja Eusébio mtaje na kwao. Ni mtoto wa Msumbiji, amezaliwa Lourenço Marques, Maputo ya leo. Kila mara mnamwita Mreno, inaniuma.

Kona Kavu:
Kachezea Ureno, kafunga tisa Kombe la Dunia 1966 kwa jezi ya Ureno.

Beira Mpaka Mtwara:
Msumbiji ilikuwa koloni! Angechezea nini? Huna historia, ndugu.

Mtoto wa Tandale:
Jamani. Nimeleta habari ya mtu, ninyi mnagombania laana na pasipoti. Weisz alikimbilia Paris, kisha Dordrecht, Uholanzi, akafundisha DFC, klabu ndogo, akaifanya ishindane na wakubwa. 1941 Wajerumani wakamkataza kazi. Agosti 1942 wakamchukua yeye, mkewe Elena, Roberto wa miaka 12 na Clara wa miaka 8. Mama na watoto waliuawa kwenye kambi ya mauaji ya Auschwitz Oktoba 5, siku ileile wote watatu. Yeye akafanyishwa kazi za kitumwa, akafa 31 Januari 1944. Bingwa mara tatu, na kwa zaidi ya miaka 60 Italia ilikuwa imemsahau. Ndiyo maana nimeuliza kuhusu jina.

Mwalimu wa Vumbini:
Watoto nao. Nimesoma mara mbili.

Bi Mkubwa wa Pwani:
Mola awape kauli thabiti. Mwanangu, hao wawili, Weisz na Guttmann, walijuana?

Dk. Takwimu:
Walikuwa kikosi kimoja cha Hungaria, Olimpiki ya Paris 1924. Ile timu iliyofungwa na Misri 3-0.

Beira Mpaka Mtwara:
Misri hii ya Afrika?

Dk. Takwimu:
Hiyo hiyo.

Kona Kavu:
Tatu bila, 1924? Hao Wamisri kocha wao alikuwa nani?