Mabondia wa Tanga wapimwe mapigo ya kichwa mazoezini?

MWANZISHA MADA (kocha, Ngamiani)

Ndugu zangu, hili limenikaa rohoni. Juzijuzi kijana wangu alimaliza raundi 6 za sparing, yaani kupigana kwa mazoezi, na mtu aliyemzidi kilo nyingi. Hakuanguka, hakuyumba. Akakaa kwenye tairi, chupa tupu mkononi, akaniuliza, "Mwalimu, nimeshakunywa maji?" Nikamwambia ndiyo. Dakika haijaisha, akauliza tena. Alipouliza mara ya tatu nikamvua glavu kwa mikono yangu.

Siku ya nne promota akamtaka ulingoni. Nikakataa. Akatafutiwa kocha mwingine wa kumsimamia, akapigana.

Rekodi ya bondia inaonyesha kashinda mangapi, kapoteza mangapi. Ngumi za kichwa alizokula wiki 8 za kambi haziandikwi popote, na ndizo nyingi zaidi.

Siku hizi kuna kinga ya meno yenye kihisi ndani. Kinawekwa mdomoni kwa kuwa meno ya juu yameshikana na fuvu. Kwenye helmeti kingeteleza na kutoa majibu ya uongo. Kinapima kichwa kimesukumwa kwa nguvu gani, na kimezungushwa kwa nguvu gani. Huko kuzungushwa ndiko kunakozivuta nyuzi za ubongo, ndiyo maana ngumi ya pembeni ya kidevu inaangusha mtu mzima kama gunia. World Rugby, shirikisho la raga duniani, imeviingiza kwenye mechi za ngazi ya juu tangu Januari 2024: pigo likivuka kiwango, daktari anapata taarifa palepale na mchezaji anatolewa akakaguliwe. Sisi ambao kichwa ndicho tunachokilenga, tunakisia kwa macho.

Helmeti inapunguza kuchanika uso, mtikisiko inaupitisha. Mabondia wanaume wa ridhaa waliivua 2013, na kwenye Olimpiki ya Rio 2016 wakapigana vichwa wazi.

Mimi nasema wapimwe, tena mazoezini kwanza. Nyie mnasemaje?

MCHANGIAJI WA MAKORORA

Mwalimu, heshima yako. Hapa kwetu kijana anakuja na baiskeli, kinga yake ya meno kailainisha kwa maji ya moto ya chai. Hiyo ya kihisi atainunua nani? Bondia Hassan Mwakinyo katoka Tanga hii hii, 2018 akaenda Birmingham akammaliza Mwingereza Sam Eggington raundi ya 2. Alipimwa na nani? Halafu wataalamu wenyewe hawajakubaliana ni namba ipi hasa ndiyo mtikisiko wa ubongo. Mtamfungia mtu riziki kwa namba hiyo?

MKE WA BONDIA MSTAAFU

Wangu kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili, na bado kinamwagika. Nikiulizwa alipigwa mara ngapi, sina jibu. Laiti mtu angehesabu.

MWANZISHA MADA

Pole sana dada yangu.

Kaka wa Makorora, la namba umesema kweli. Mmoja anaumia kwa pigo dogo, mwingine anasimama na kubwa. Kihisi chenyewe hudanganywa hata na mtu kuuma meno, mpaka ulinganishe na video. Ndiyo maana sitaki pigo moja limfungie mtu. Nataka tujue jumla: wiki hii kichwa hiki kimebeba mzigo gani, na wiki ijayo apumzike kiasi gani.

Bei nayo ni kikwazo kweli, maana kila moja inafinyangwa kwa meno ya mwenyewe, haiazimwi. Tuanze na walio kambini kwa mapambano ya mkanda. Waliobaki, daftari. Langu nimeshalifungua: jina, raundi za sparing, kapigana na uzito gani, baada ya hapo kaongeaje. Aliyezidisha narudisha kwenye begi na pedi mpaka wiki igeuke. Yule wa chupa ya maji yuko ukurasa wa kwanza.

Ila daftari langu halina nguvu kama kijana akivuka barabara anapokelewa. Makocha wa Chumbageni na Mabawa mnaosoma hapa, nani yuko tayari tukubaliane: bondia aliyezuiwa na mwenzako kwa sababu ya kichwa, usimsimamie?