Kinoo cha seramiki chenye kasoro ndogo ndogo: tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni.

Nina bucha dogo huku Tandika. Mwezi uliopita nilijikaza nikanunua kinoo cha seramiki Kariakoo, kile cheupe. Kufika nyumbani nakiangalia kwenye mwanga, kona moja imemeguka kiasi cha punje ya mchele, halafu juu kina mikwaruzo. Nikarudi kwa muuzaji. Akanijibu, "Bosi, hilo ni jiwe, siyo sahani." Niliudhika, ila nimenolea wiki tatu na ile kona haijanigusa, kwa sababu kisu hakipiti huko. Kinachonikera ni kwamba kuna mahali makali yakipita nasikia "krr". Mliopitia haya mlifanyaje?

Ngisi wa Feri: Kabla hujalaumu kiwanda, kioshe. Seramiki inanolewa kavu, bila mafuta wala maji, kwa hiyo unga wa chuma unaganda juu, kinakuwa cheusi na kisu kinateleza tu. Changu nilikaribia kukitupa. Kijana mmoja tunayepaa naye samaki akachukua poda ya kusugulia masufuria na dodoki, akasugua, yakatoka maji kama wino wa ngisi. Kikarudi cheupe na kikaanza kula chuma. Stilwaya usitumie, itakuachia chuma chake mle mle.

Seremala Keko: Hiyo "krr" ni kipele. Pitisha ukucha taratibu utakipata. Sasa nisikilize, maana mimi nililipia ujinga. Seramiki hizi nyingi ni oksidi ya alumini iliyochomwa, ugumu wake 9 kwenye kipimo cha Mohs, na almasi ni 10. Mimi nikasugua changu kwenye sakafu ya saruji kama babu alivyokuwa akifanya na jiwe lake la mtoni. Jumamosi nzima! Kilicholika ni sakafu, na mwenye nyumba aliniuliza. Mwishowe nikanunua bamba la almasi, yaani kipande cha chuma kilichogandishwa punje za almasi juu. Chora mistari ya penseli juu ya kinoo chote, tia maji, sugua kwa mkono mwepesi. Penseli inafutika kwanza palipoinuka, inabaki palipobonyea. Kwako wewe wa visu, ondoa kipele tu uache hayo mabonde. Mimi wa patasi na randa ndiye ninayehitaji jiwe lilale sawasawa, la sivyo patasi inatoka na tumbo. Na ujue kuwa ukisugua kwa almasi, uso wa kinoo unakwaruza zaidi kwa muda, hakitatoa makali laini kama mwanzo mpaka kitulie.

Mama Kachumbari: Jamani mimi nanolea kwenye kitako cha kikombe, ile duara isiyo na rangi. Kimoja kilikuwa na kipele, kikakitia pengo kisu changu cha vitunguu. Nikachukua kikombe kingine, yameisha.

Mwenye uzi: Ngisi, nimeosha, maji meusi kweli, nimeona aibu. Mikwaruzo mingi imepotea, kumbe ilikuwa chuma. "Krr" ipo pale pale, karibu na ncha, nimeizungushia penseli. Fundi wa Keko, hilo bamba unaazimisha?

Seremala Keko: Siazimishi. Njoo na kinoo chako, na nusu kilo ya maini.