Naomba ushauri: skrini ya ridhaa kwa wasioona vizuri

Habari zenu wadau. Tunatengeneza programu ya simu ya sacco moja hapa Kenya. Mwanachama akiomba mkopo, tunamwomba ruhusa ya kusoma taarifa za akaunti yake ya benki. Tumeanza na michoro ya skrini iliyo wazi kwa umma, ya Consumer Data Right, mfumo wa Australia unaomwezesha mteja kuruhusu taarifa zake zisomwe na kampuni nyingine, tukaichora upya kwenye Penpot, ambayo ni programu huria ya kubuni skrini. Mpangilio wake naupenda: nani anaomba, anaomba nini, kwa muda gani, na unajitoaje.

Shida imekuja kwenye simu zenyewe. Wazee wetu wengi hukuza maandishi. Yakifika asilimia 200, kama WCAG (miongozo ya kimataifa ya kurahisishia watu wenye ulemavu matumizi ya tovuti na programu) inavyotaka yawezekane, "Nakubali" inabaki juu na "Sikubali" inasukumwa chini, haionekani mpaka uteleze skrini. Hiyo kwangu si ridhaa ya hiari. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatutaka sisi tuthibitishe kwamba mtu alikubali, wala si yeye athibitishe kwamba alikataa.

Nafikiria kuuliza aina moja ya taarifa kwa kila skrini, vitufe viwili vikiwa sawa kwa ukubwa. Lakini kwa anayetumia TalkBack, kisoma-skrini cha simu za Android, safari inakuwa ndefu, nahofia atachoka na kubonyeza tu. Waliowahi kujaribu na watumiaji wasioona, mlichagua njia gani? Na kitufe cha kuondoa ruhusa mlikiweka wapi, ukurasa wa mwanzo au ndani ya mipangilio?