Kelele kwenye pedali za besi: kigawa umeme kilichotengwa, geti, betri au kisanduku cha DI?

BesiNyegezi

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu. Ninapiga gitaa la besi katika bendi ya kwaya hapa Nyegezi, Mwanza, na ninaomba tulinganishe njia za kuondoa kelele kwenye pedali, yaani vifaa vya kukanyaga vinavyobadili sauti ya gitaa, kabla sijatoa fedha. Gitaa langu ni la aina ya Jazz Bass, lisilo na betri ndani. Kutoka hapo sauti inapita kwenye kompresa (inayosawazisha sauti kubwa na ndogo), kisha distoshini (inayoikuza na kuikwaruza), kisha korasi ya kidijitali (inayoifanya isikike kama ya magitaa kadhaa), ndipo inaingia kwenye ampilifaya ndogo iliyo pembeni yangu, na ampilifaya hiyo inapeleka waya mrefu hadi kwenye miksa iliyo nyuma ya kanisa. Pedali zote tatu zinalishwa na adapta moja ya volti 9 yenye waya wa matawi. Nikikanyaga distoshini nasikia mambo mawili kwa pamoja: mvumo mzito wa chini, na juu yake mlio mwembamba ambao haukatiki hata nisipogusa nyuzi.

Fedha niliyonayo inatosha kifaa kimoja kikubwa au viwili vidogo. Ninafikiria kigawa umeme ambacho kila tundu lake limetengwa na mengine, au geti la kelele, au kisanduku cha DI (kinachounganisha gitaa na miksa) chenye transfoma, au niachane na adapta kabisa nitumie betri. Muuzaji niliyemuuliza mjini ananiambia kwamba geti linamaliza yote. Ningependa kusikia kutoka kwa wanaovitumia vifaa hivi.

FundiLehemu_Igoma

Ndugu, umeeleza kelele mbili, nazo hazina chanzo kimoja, kwa hiyo hakuna kifaa kimoja hapo utakachokiita bora kabla ya kuzitenganisha. Mvumo wa chini unatokana na umeme wa gridi, ambao kwetu ni wa volti 230 na Hz 50; unaweza kuingia kama Hz 50 kupitia nyaya na koili za gitaa, au kama Hz 100 kutoka kwenye adapta ya transfoma ambayo kapasita zake za kuchuja zimechoka. Mlio mwembamba ni habari nyingine. Chipu iliyomo kwenye korasi yako inafanya kazi kwa mapigo ya haraka mno, na kila pigo linavuta umeme kwa mkupuo. Pedali zikiwa kwenye waya mmoja wa matawi, mikupuo hiyo inapita kwenye waya hasi wa pamoja, waya huohuo ambao sauti ya gitaa inautumia kama sifuri yake, na distoshini inaukuza uchafu huo bila kuubagua na muziki. Distoshini yenye ukuzaji wa desibeli 40 inazidisha volti mara 100, ndiyo maana kelele ya milivolti 1, ambayo usingeisikia kamwe, inatoka ikiwa milivolti 100.

Jaribio lake ni la bei ya betri moja. Chomoa distoshini kwenye adapta, iwekee betri ya volti 9, na uache nyingine zilivyo. Mlio ukitoweka, basi tatizo ni ugavi wa umeme. Baada ya hapo, funga sauti ya gitaa hadi sifuri. Mvumo ukibaki palepale, chanzo kiko baada ya gitaa. Ukipungua, au ukibadilika unapogeuka huku na huku, koili zako zinanasa uga wa sumaku kutoka kwenye transfoma au nyaya za umeme zilizo karibu.

Kuhusu Jazz Bass kuna jambo ambalo wengi hawalijui: pikapu zake mbili, yaani koili zenye sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi, zimezungushwa kinyume, kwa hiyo vitufe vyote viwili vya sauti vikifunguliwa sawa, mvumo wa moja unafuta wa nyingine. Ukipunguza kimoja tu, unaurudisha. Wenye besi ya aina ya Precision Bass hawana kero hii, kwa kuwa pikapu yake imegawanywa katika nusu mbili zinazofutana mvumo tangu mwaka 1957.

DadaBesi_Kirumba

Mimi ninalo geti na silichukii, lakini muuzaji wako amekupa ahadi ambayo kifaa hicho hakiwezi kuitimiza. Geti linafunga mlango pale sauti inaposhuka chini ya kizingiti ulichokiweka, na linaufungua inapopanda. Haliondoi kelele wakati noti inalia. Linakunyamazisha tu unapokuwa hupigi. Kwa mpiga gitaa la solo mwenye distoshini kali hilo linaweza kutosha. Kwa besi ni tofauti, kwa sababu noti zetu ni ndefu na zinafifia taratibu. Kwenye wimbo wa kuabudu unaokwenda polepole, geti lililowekwa juu kidogo litakata mkia wa noti, na kila mtu kanisani atasikia besi ikikatika kabla ya muda wake.

Wapo watakaokushauri ukate masafa ya mvumo kwa kutumia ikwalaiza. Tazameni hesabu. Noti ya G kwenye freti ya tatu ya uzi mnene ni Hz 49. Oktavi yake ya juu ni Hz 98. Mvumo wetu uko kwenye Hz 50 na Hz 100. Ukizikata hizo umeikata G yenyewe, na usipozikata, ukishikilia G ndefu utasikia sauti ikiyumba mara moja kila sekunde, kwa sababu noti na mvumo vimepishana kwa Hz 1 tu. Ndugu zetu wa Marekani, ambako umeme ni wa Hz 60, wanasumbuliwa kati ya noti za A kali (A#) na B, kwa hiyo mashauri yao mengi kuhusu ikwalaiza hayatufai sisi jinsi yalivyo.

Ukiamua kununua geti hata hivyo, chagua lenye matundu manne ya sauti, mfano wa Boss NS-2. Distoshini unaiweka kati ya tundu la kutuma na la kurudisha, ili geti lisikilize gitaa likiwa bado safi lakini likate kelele baada ya distoshini. Lenye matundu mawili tu linasikiliza sauti iliyokwisha kuchafuka, na kizingiti chake kinakuwa kigumu kukipata.

Mabatini_Bassman

Kaka, mimi mvumo niliumaliza bila kununua chochote. Nilifunga plagi ya pini mbili kwenye ampilifaya, ethi (waya wa usalama unaoelekea ardhini) ikakatika, na kimya kikaja hapohapo. Jaribu hilo kwanza.

FundiMitambo_Pasiansi

Naomba ushauri wa plagi ya pini mbili usifuatwe na mtu yeyote anayesoma uzi huu. Ni kweli kwamba mvumo unakwisha, na sababu yake inafahamika: chukulia ampilifaya yako iko kwenye soketi ya madhabahuni, nami fundi wa sauti niko na miksa kwenye soketi ya nyuma; ethi za soketi hizo mbili hazilingani kabisa, na tofauti hiyo ndogo inasukuma umeme kupitia wavu (ganda la chuma la ndani) wa waya wa sauti unaotuunganisha. Ukikata ethi ya ampilifaya umeuvunja mzunguko huo. Lakini umeondoa pia kitu pekee kinachofanya fyuzi ikatike endapo waya wa volti 230 utagusa bodi ya chuma ndani ya ampilifaya. Ikitokea hivyo, nyuzi zako zinakuwa na umeme, na mdomo wako uko kwenye maikrofoni ambayo ethi yake ni nzima. Mwaka 1972, huko Swansea, Wales, mpiga gitaa Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows alifariki jukwaani kwa kugusa maikrofoni isiyo na ethi huku ameshika gitaa. Mikono yenye jasho kwenye joto la Mwanza haihitaji kusaidiwa kupitisha umeme.

Mzunguko wa ethi unavunjwa kwenye waya wa sauti, kamwe si kwenye waya wa umeme. Hiyo ndiyo kazi ya kisanduku cha DI. Toka kwenye pedali ya mwisho uingie kwenye DI. Tundu la kupitishia liende kwenye ampilifaya yako, na tundu la pini tatu lije kwangu. Ndani ya DI ya transfoma sauti inavuka kwa sumaku, hakuna waya unaounganisha pande mbili, na ile swichi ya kukata ethi inaachanisha wavu. Watu husema DI ya transfoma inafifisha besi isiyo na betri, na kuna ukweli ndani yake gitaa likiingia moja kwa moja, lakini pedali ikiwa imetangulia tatizo hilo halipo, kwa kuwa pedali ina nguvu ya kutosha kuisukuma transfoma. DI inayotegemea volti 48 kutoka kwenye miksa ni nzuri kwa mambo mengine, ila umeme wake unarudi kupitia pini namba 1, ile ya ethi, na hapo huna uhuru uleule wa kukata ethi.

Namna ya kuthibitisha: chomoa waya unaokuja kwenye miksa na usikilize ampilifaya peke yake. Mvumo ukikatika, nunua DI na usihangaike na kingine kwa ajili ya mvumo huo.

MzeeWaDansi

Vijana wangu, nimewasoma. Katika mlinganisho huu mmeipita betri haraka mno. Betri haina waya unaoigusa pedali nyingine, haina mvumo, na kwa pedali ya kizamani isiyo ya kidijitali hakuna ugavi ulio safi kuliko huo. Distoshini ya kawaida inavuta milliampea zisizozidi 10 hivi, na betri nzuri ya alkali ina takribani milliampea-saa 500. Piga hesabu mwenyewe. Korasi yako ya kidijitali ikiwa inavuta 200, betri hiyohiyo haimalizi ibada mbili. Kumbukeni pia kwamba katika pedali nyingi kuchomeka waya kwenye tundu la kuingizia ndiko kunakowasha betri. Mpigaji asiyechomoa waya usiku anakuta betri imekufa asubuhi, kisha anailaumu betri.

Jambo la pili ni kwa wanaovuka kwenda Ukerewe na visiwa vingine kupiga kwenye harusi. Huko utakuta jenereta ndogo, na mara nyingi haijafungwa ethi yoyote ardhini, au utakuta inveta ya sola ya bei nafuu ambayo wimbi lake lina ngazi badala ya kupanda na kushuka laini. Inveta hiyo inatoa Hz 150, 250, 350 na kuendelea, na hizo sikio linazisikia wazi zaidi kuliko Hz 50 hata kwenye spika ndogo. Kigawa umeme cha bei kubwa kinaweza kusaidia pedali, lakini hakiwezi kuisafisha ampilifaya iliyochomekwa kwenye inveta hiyohiyo. Mwenye kazi hizo aulize kwanza aina ya inveta.

BesiNyegezi

Mzee wangu, shikamoo, na nawashukuru wote. Nimefanya majaribio mliyonielekeza. Distoshini ilipopewa betri, mlio mwembamba ulitoweka kabisa. Mvumo haukubadilika hata gitaa lilipofungwa, lakini ulikatika fundi wetu alipochomoa waya wa miksa. Inaonekana basi ninahitaji DI kwa ajili ya mvumo, na kwa ajili ya mlio nichague kati ya betri na kigawa umeme. Geti nimelifuta kwenye orodha. Je, kigawa umeme kina faida gani ya kunifanya niache betri, ikiwa nina pedali moja tu inayokuza?

FundiLehemu_Igoma

Kwa pedali ulizonazo leo, faida yake ni ndogo. Weka betri kwenye distoshini, acha kompresa na korasi kwenye adapta, na fedha iende kwenye DI. Nakutahadharisha tu kwamba kompresa nayo inakuza: inabana sauti kubwa kisha inainua kila kitu, pamoja na kelele iliyokuwa chini. Ukiisikia ikileta mlio uleule, ipe nayo betri.

Siku utakapoongeza pedali ya pili ya kidijitali, ndipo kigawa umeme kitakapojilipa. Usinunue kwa kusoma maandishi ya kwenye boksi, maana vipo visanduku vyenye matundu manane vinavyoitwa vilivyotengwa, na ndani hasi zote zimeunganishwa kwenye bamba moja, yaani ni waya wa matawi uliovalishwa chuma. Nenda dukani na mita ya kupimia umeme. Kikiwa hakijachomekwa kwenye umeme, weka ncha moja kwenye hasi ya tundu la kwanza na nyingine kwenye hasi ya tundu la pili. Kwenye pedali nyingi za volti 9 hasi ni ile ya katikati. Mita ikilia, hakijatengwa, mrudishie muuzaji. Tazama pia milliampea za kila tundu. Tundu la 100 haliwezi kulisha korasi inayotaka 200, lakini tundu la 500 halitaidhuru distoshini inayotaka 10, kwa sababu pedali inavuta kile inachokihitaji tu. Kinachoua pedali ni volti kuzidi au chanya na hasi kugeuzwa.

Mabatini_Bassman

Na wale wanaotumia pawa benki yenye waya wa kupandisha volti 5 kuwa 9? Hiyo si sawa na betri?

FundiLehemu_Igoma

Si sawa. Kipandisha volti kilichomo kwenye waya huo kinawasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde, kwa hiyo kinaweza kuzaa mlio wake chenyewe. Kwa pedali moja inayojitegemea wapo wanaokitumia bila shida, lakini ukikigawa kwa pedali tatu kwa waya wa matawi, umerudi kwenye hasi ya pamoja. Na plagi ya ampilifaya irudishie pini ya tatu kabla ya Jumapili.